Mgongo wa miaka 61 na safari ya Songea kwa pikipiki

*"Nina miaka 61, mstaafu, naishi Dar es Salaam. Kila mwaka naenda nyumbani Songea mara mbili kwa pikipiki, Boxer 150. Zamani nilikuwa naondoka saa kumi alfajiri, usiku nalala Songea. Siku hizi nikifika Chalinze tu kiuno kimeshaanza, na nikifika Mikumi maumivu yameshuka kwenye kalio la kushoto na nyuma ya paja, ila hayavuki goti. Nikishuka nikatembea kidogo yanapungua. Asubuhi naamka kiuno kimekaza, kinalegea baada ya kama dakika 20. Nilipiga eksirei nikaambiwa nafasi kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno imepungua, kuna vimfupa vimeota, yaani 'mifupa imesagika'. Fundi amenishauri niongeze sponji laini kwenye siti na ninunue mkanda wa kiuno. Jirani anasema ni figo, zimepigwa na upepo. Kabla ya kuondoka huwa nameza diklofenaki mbili. Kwa presha natumia losartani H. Begi nalibeba mgongoni. Mwanangu anataka niuze pikipiki. Je, niache?"*

Shikamoo mzee wangu, na pole na kiuno. Swali la mwisho nalijibu kwanza: kwa haya uliyoandika, sioni sababu ya kuuza pikipiki. Naona sababu ya kuacha kwenda Songea kwa siku moja, kuacha kubeba begi mgongoni, na kuacha zile diklofenaki mbili. Hizo za mwisho ziache hata kabla hujamaliza kusoma.

Tuanze na eksirei, maana naona ndiyo iliyokuogopesha. Hakuna mfupa unaosagika. Kati ya pingili na pingili kuna diski, ambayo ni mto mdogo wa gegedu: nje pete ngumu ya nyuzi, ndani kiini laini chenye maji mengi. Umri unavyokwenda kiini hicho kinashindwa kushika maji kama zamani, mto unapungua unene, pingili zinasogeleana, na mfupa unajiongeza kidogo pembeni. Hivyo ndivyo vimfupa ulivyosomewa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2015 yalikusanya picha za uti wa mgongo za watu wasio na maumivu yoyote, na yakakuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Huyo jirani yako wa figo akipigwa eksirei leo, huenda naye akasomewa maneno yale yale, ilhali haumwi popote. Picha imeonyesha umri wa mgongo wako. Kwa nini unauma ukifika Chalinze, hilo haikulisema.

Na figo? Maumivu ya figo hukaa juu zaidi, ubavuni chini ya mbavu, na hayajali umekaa au umesimama. Mara nyingi huja na homa, mkojo kubadilika au kuuma, au mkamato mkali unaoshuka kinenani. Yako yanaanza ukikaa na yanapoa ukitembea, na figo haijui kama umekaa au unatembea. Upepo nao hauzifikii. Unachopoza ni misuli ya kiuno, na misuli iliyopoa hukaza, kwa hiyo koti zito ni muhimu, hasa Mafinga na Njombe mwezi wa sita na wa saba.

Kinachoweza kuziumiza figo zako kweli ni kile unachomeza kuutuliza mgongo. Losartani hulegeza kimshipa cha damu kinachotoka kwenye chujio la figo. Ile H ni dawa ya kukojolesha, inapunguza maji mwilini. Diklofenaki hubana kimshipa kinachoingia kwenye chujio hilo hilo. Mlango wa kuingilia umebanwa, wa kutokea umelegezwa, na maji yamepungua: msukumo wa kuchuja damu unashuka. Ongeza jua la Morogoro na ile tabia ya wasafiri wengi wa umri wako kutokunywa maji ili wasisimame kukojoa, na hapo umeziweka figo pabaya. Diklofenaki pia hupandisha presha na huchubua tumbo. Losartani endelea nayo, usiiache. Unayoiacha ni diklofenaki ya kumeza na ya sindano. Mwombe daktari wako akupime kreatinini, kipimo cha kawaida cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Parasetamoli, gramu 1 kwa mara moja na isizidi gramu 3 kwa siku kwa umri wako, ni salama zaidi kama ini lako ni zima, ingawa kwa kiuno haifanyi makubwa. Jeli ya diklofenaki ya kupaka huingia kidogo sana kwenye damu, lakini kwa dawa unazotumia nayo mwulize daktari kwanza. Tramadoli (dawa kali ya maumivu) na dawa za kulegeza misuli usipande nazo pikipiki, zinaleta usingizi. Na dawa yoyote inayoua maumivu kabla hujaondoka ina kasoro moja zaidi: inakunyima taarifa ya lini usimame.

Sasa, kwa nini Chalinze? Ukikaa kwenye pikipiki kwa muda, nyonga hujiviringisha kurudi nyuma na lile pindo la kawaida la kiuno hunyooka au kupinda kinyume. Diski hubanwa mbele, kiini husukumwa nyuma, na kano za nyuma ya pingili huvutika. Kano ni kama mpira wa tyubu unaofungia mzigo kwenye keria. Ukiuvuta kidogo na kuuachia, unarudi. Ukiuacha umevutika saa nzima, unaufungua umelegea na haurudi haraka ulivyokuwa. Kano zikilegea, misuli midogo ya kiuno inabeba kazi isiyo yake, inachoka, inakaza. Ndiyo kile kiuno cha Chalinze. Kushuka hadi kalio na nyuma ya paja bila kuvuka goti, mara nyingi ni maumivu yanayosafiri kutoka kwenye diski na viungo vya pingili; hayamaanishi lazima mshipa wa fahamu umebanwa. Yanayovuka goti hadi unyayoni, yakiwa na ganzi au kama umeme, ndiyo hunifanya nifikirie mshipa.

Kuna na mtikisiko, na hapa watu wengi wanalaumu kisichohusika. Injini ya Boxer ikizunguka mara 5,000 kwa dakika inatetemeka kama mara 83 kwa sekunde. Mtetemo huo wa haraka unaishia kwenye viganja, nyayo na makalio. Ndio unaotia ganzi vidole. Uti wa mgongo wa mtu aliyekaa unaitikia zaidi mtikisiko wa polepole, wa mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na huo unatoka barabarani: rasta, viraka, matuta, lami iliyokunjamana kwa uzito wa malori. Kwa hiyo fedha ya kutuliza injini haitagusa kiuno chako. Fedha ya shokapu itagusa.

Kabla hujagusa spana, kuna jambo la kupambanua, kwa sababu lina jibu tofauti, na huenda wewe na wenzako wa umri huu hamfanani. Wako wazee wanaopanda pikipiki saa mbili bila shida, lakini wakitembea mita 200 miguu inakuwa mizito na inauma hadi wainame au wakae. Hao mara nyingi mfereji wa uti wa mgongo umekuwa mwembamba. Kuinama mbele kunaufungua, kusimama wima kunaubana. Kwao usukani wa mbele kidogo ni nafuu, na zoezi la kujipinda nyuma litawazidishia. Wewe ni kinyume: kukaa kunachokoza, kutembea kunatuliza. Ushauri wote wa hapa chini ni wa aina yako. Atakayesoma naye akawa wa aina ile nyingine, asiuchukue wote kama ulivyo.

Kwenye pikipiki anza na vya bure. Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla ya kuendesha, kwa kipimo, na ufuate PSI iliyoandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki au kwenye kitabu chake. Vijana wa pampu hujaza mpaka tairi igonge kama ngoma, wakifika PSI 40 na zaidi. Tairi ya namna hiyo ni jiwe. Usipunguze chini ya kiwango nacho, maana ukiingia shimoni na mzigo, tyubu inabanwa na rimu inapinda.

Halafu shokapu. Kandamiza mkia wa pikipiki kwa nguvu kisha uachie. Ikipanda mara moja ikatulia, ni nzima. Ikiruka mara mbili tatu, mafuta yake hayafanyi kazi tena, na kila tuta unapigwa mara tatu. Fimbo yake ikiwa na mafuta, imevuja. Badilisha zote mbili, usibadilishe moja. Kama ni nzima, pima inazama kiasi gani. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, tairi la nyuma lielee. Pima kwa futi kamba kutoka katikati ya nati ya ekseli ya nyuma hadi alama uliyoweka juu yake kwenye mkia. Ishushe, panda na mzigo wako wa safari, mtu akushikilie, mwingine apime tena. Tofauti iwe kama robo hadi theluthi moja ya mwendo wote wa tairi la nyuma: likiwa na mwendo wa milimita 100, basi izame milimita 25 hadi 35. Ikizama 45, kwenye kila shimo shokapu inafika mwisho na kugonga, na pigo hilo linakwenda moja kwa moja kiunoni. Zungusha pete ya springi ngazi moja juu, pande zote mbili sawa, upime tena. Ikizama 15 tu, springi imekazwa mno, teremsha. Wengi huamini springi laini kabisa ndiyo raha ya mgongo. Ni raha ya mtaani. Ukiwa na mzigo njiani ndiyo inayogonga.

Siti ndipo ninapopingana na fundi wako. Sponji laini ni tamu kwa dakika 20. Baadaye mifupa miwili ya makalio inazama hadi kwenye bati au plastiki ya chini, nyonga inajiviringisha nyuma, na unarudi pale pale. Piga goti moja juu ya siti yako: ukihisi kitako kigumu chini, sponji imekwisha. Mwambie fundi wa siti avue kava, akate ya zamani mahali unapokaa, aweke milimita 40 hadi 50 za sponji ngumu, ile iliyotengenezwa kwa vipande vidogo vya rangi rangi vilivyoshindiliwa pamoja, kisha juu yake milimita 15 hadi 20 za laini. Sehemu ya makalio iwe bapa na pana, angalau sentimita 22, na mbele ibaki nyembamba ili miguu ifike chini. Siti nyingi zimeinamia tangi. Unateleza mbele kidogo kidogo na kujisukuma nyuma kwa mikono siku nzima. Ili kujua, pikipiki ikiwa imesimama kwa tairi zote mbili, laza chupa ya maji iliyojaa nusu pale unapokaa. Mstari wa maji utakuonyesha. Fundi aongeze sponji mbele ya makalio hadi chupa ilale sawa. Kuipandisha siti milimita 20 au 30 kutakufungulia magoti na nyonga pia, na nyonga ikifunguka kiuno kinapata pindo lake. Lakini hakikisha bado unakanyaga chini kwa nusu ya mbele ya nyayo zote mbili. Mzee anayesimama kwa vidole na pikipiki yenye mzigo ataanguka nayo siku ya upepo.

Usukani: kaa ulivyozoea, fumba macho, shusha mabega, nyoosha mikono mbele viwiko vikiwa vimekunjika kidogo. Fumbua. Kama vishikio viko mbele ya viganja vyako, usukani uko mbali. Legeza bolti za vibano, uzungushe kuja kwako kwa milimita chache, kaza kwa zamu ili vibano vikae sawa, kisha urekebishe mikono ya klachi na breki. Washa injini, kata usukani hadi mwisho kushoto, halafu kulia. Injini ikipandisha mlio yenyewe, waya ya mafuta imevutika, na hilo siku moja litakusukuma barabarani kwenye kona ya kugeuzia. Kama kuzungusha hakutoshi, kuna vipande vya kunyanyulia usukani. Usizidishe milimita 25 bila kubadilisha waya na hosi ya breki kwa ndefu zaidi.

Begi lishuke mgongoni leo. Kilo 8 mgongoni zinapita kwenye diski zile zile kila ukiruka tuta. Lifunge kwenye keria au nyuma yako kwenye siti, vizito chini na karibu na wewe, visiwe virefu kiasi cha kukulazimisha kurusha mguu juu kama kijana unapopanda. Wengi wa umri wako wanaumia kiuno pale, hata safari haijaanza. Panda ukisimama mahali palipoinuka kidogo, breki ya mbele imeshikwa, goti limekunjwa, mguu upite juu ya siti. Pochi itoke mfuko wa nyuma, kwani inainua kalio moja na kuupinda uti wa mgongo upande siku nzima. Na kalio linalouma kwako ni moja.

Ukiwa njiani, inama kutokea nyonga. Usivunje kiuno. Jisikie umekalia ile mifupa miwili, kitovu kimevutwa ndani kidogo, viwiko vimelegea. Ukiona rasta au tuta, punguza mwendo mapema, uminye tangi kwa magoti, uhamishie uzito kwenye nyayo na unyanyue makalio sentimita 3 au 5 tu. Huna haja ya kusimama wima kama wa mashindano. Magoti yako yatalalamika na haiongezi faida. Miguu ikibeba nusu ya pigo, kiuno kimepona nusu.

Simama kila dakika 45, au kila kilomita 40 hadi 50, hata kama hakuna kinachouma. Hapo ndipo safari yako itakapobadilika kuliko sponji na springi zote. Maumivu yakishaanza, kano zimeshavutika na dakika tano haziwezi kuzirudisha. Weka saa ya simu ikulie. Ukishuka, usikae. Najua meza ya mama ntilie inavyoita, lakini chai inywe ukiwa umesimama. Tembea dakika mbili au tatu. Kisha miguu upana wa mabega, viganja kiunoni, jipinde nyuma polepole mara 8, ukirudi katikati kila mara. Halafu piga hatua ndefu, goti la nyuma lishuke, sukuma nyonga mbele, sekunde 20 kila upande. Kunywa maji robo lita, kojoa, ondoka. Dakika 8 zimetosha. Na kwa kuwa kiuno kinakuwa kimelegea kwa muda baada ya kushuka, usiinue mzigo wala kuvuta pikipiki kwenye stendi kubwa kwa mikono mara tu unapofika. Stendi kubwa hupandishwa kwa uzito wa mguu wa kulia. Mkono unaongoza tu. Pikipiki ikilala chini, ita watu. Ina zaidi ya kilo 110 bila mzigo.

Asubuhi nayo ina sheria yake. Usiku diski hunyonya maji na kuvimba kidogo, na ndiyo sababu mojawapo ya wewe kuamka umekaza. Katika saa ya kwanza zinavumilia kuinama vibaya zaidi kuliko wakati mwingine wowote. Kwa hiyo funga mizigo jioni, amka saa moja kabla, tembea dakika 10, usiiname kufunga kamba za viatu ukiwa umenyoosha magoti. Inua mguu juu ya kigoda.

Safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 900. Ningekupangia siku nne. Ya kwanza hadi mji wa Mikumi, kama kilomita 300, ukiwa bado na nguvu na njia haina baridi. Pita ndani ya hifadhi mchana, wanyama wanavuka na matuta ni mengi. Ya pili hadi Iringa, kama 190 tu, lakini kuna mlima Kitonga, ambako kona na malori yatakukaza mabega. Ya tatu hadi Njombe kupitia Mafinga na Makambako, kama 230. Ya nne Songea, kama 235. Nyumba za wageni tatu zina gharama, sikatai. Linganisha na gharama ya wiki mbili kitandani Songea. Kama siku nne haziwezekani, siku tatu kwa kulala Mikumi na Makambako ndiyo mwisho wangu, na usitembee usiku: taa za malori zinaumiza macho ya umri huu zaidi, hasa kama kuna mwanzo wa mtoto wa jicho. Pima macho, na sogeza vioo nje zaidi, maana shingo haigeuki kama zamani.

Mkanda wa kiuno: nunua ukipenda. Unakukumbusha usivunje kiuno na unatunza joto, hilo halina ubaya. Uwe mpana sentimita 15 hadi 20, ubane kiasi cha vidole viwili kupita, uvae saa za mwisho za siku unapochoka. Hautibu kitu. Mwenye ngiri au kiungulia kikali aachane nao.

Mkanda unaofanya kazi ni misuli yako, na unahitaji wiki 6 kabla ya safari, siku 5 kwa wiki, dakika 15. Kwanza, piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto viwe sambamba na mgongo, shika sekunde 8, badilisha. Mara 6 kila upande. Usiruhusu kiuno kibonyee. Pili, lala ubavu, magoti yamekunjwa, jinyanyue kwa kiwiko na goti, nyonga ziwe hewani sekunde 8, mara 5 kila upande. Tatu, simama na kukaa kwenye kiti bila kushika, mara 10, seti 3. Hilo ndilo litakalokunyanyua kwenye matuta. Mbali na hayo, tembea dakika 30 kila siku. Mazoezi ya kulala chali na kukaa haraka haraka, yale ya jeshini, yaache.

Vipo vya kukufanya usiendelee kusoma ushauri wa mbali bali uende hospitali siku hiyo hiyo: ganzi sehemu inayokalia siti, yaani kati ya mapaja na sehemu za siri, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, choo kutoka bila kujijua, unyayo unaoburuta, miguu yote miwili kuishiwa nguvu. Ukichelewa, madhara hayo huweza kubaki ya kudumu. Na vipo vya kukupeleka wiki hii: maumivu yanayozidi usiku na hayapati nafuu kwa ulalo wowote, homa za jioni na jasho la usiku, kukonda bila sababu, au uvimbe katikati ya uti wa mgongo. Kifua kikuu hushika pingili pia, na si lazima ukohoe. Kwa anayekunywa maziwa mabichi kuna bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Na mwanaume wa miaka 61 mwenye maumivu mapya ya mgongo, hasa ya usiku, anapaswa kufikiriwa tezi dume, kwa sababu saratani yake hupenda kuhamia kwenye mifupa ya kiuno. Hujataja hata kimoja kati ya hivi, lakini zungumza na daktari kuhusu PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, siku unapopima kreatinini. Damu itatolewa mara moja tu.

Hata bila dalili hizo, onana na mtaalamu wa fiziotherapia mara moja au mbili kabla ya mazoezi. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo hicho, na ukiwa Dar kuna MOI, taasisi ya mifupa, pale Muhimbili. Mimi nimesoma maelezo. Yeye ataona unavyoinama, atapima nguvu ya mguu wa kushoto na hisia za ngozi, na anaweza kuniona nimekosea. Mwonyeshe picha ya pembeni ukiwa umekaa kwenye pikipiki, aliyopiga mwanao.

Kuhusu pikipiki nyingine: zile za porini zenye shokapu ndefu, kama Honda XL 125, zinameza mashimo vizuri zaidi, ila siti yake iko juu na kupanda ni kazi. Skuta inavutia kwa urahisi wa kupanda, lakini tairi ni ndogo na miguu iko mbele, kwa hiyo huwezi kunyanyua makalio kwenye tuta. Kwa Songea siishauri. Njia nyingine ya heshima ni kupakia pikipiki kwenye lori, wewe upande basi, uitumie ukiwa kule. Basi nalo ni kukaa, na husimamishi unapotaka, lakini ni siku moja. Na kama baada ya wiki 8 za mazoezi na marekebisho bado maumivu yanakupata kabla ya kilomita 50, au yameanza kuvuka goti, hapo mwanao atakuwa na hoja, na nitamuunga mkono.

Usiipime hali yako kwa safari ya Songea. Ukimaliza siti na springi, nenda Bagamoyo na kurudi siku moja, ukisimama kila dakika 45 kama ilivyo hapo juu. Yape maumivu alama kati ya sifuri na 10 unapoondoka, unapofika, na kesho yake asubuhi. Yasipozidi 4 na asubuhi yakarudi ulipoanzia, wiki ya pili nenda Chalinze na kurudi, bila diklofenaki. Wiki ya tatu Morogoro, ulale huko, urudi kesho yake. Yakizidi 4 au yakikaa zaidi ya saa 24, rudi hatua moja kwa wiki mbili. Alama hizo ziandike kwenye daftari, pamoja na milimita ambazo springi ilizama na PSI ya siku hiyo, ulibebe daftari hilo unapokwenda kwa mtaalamu.